Hifadhi "inasimamiwa vizuri" tunaipima kwa kipimo gani? Wa nchi kavu na wa baharini karibuni

#1 Alizeti ya Chemba
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Chemba, nalima alizeti na mtama, shamba langu liko jirani na pori la akiba, jina silitaji maana sijaja kumchongea mtu. Juzi tulikuwa na mkutano wa kijiji akaja ofisa akatusomea taarifa, doria kadhaa zimefanyika, watu kadhaa wamekamatwa, mifugo kadhaa imelipiwa faini, vigingi kadhaa vimesimikwa, akamaliza kwa kusema hifadhi yetu inasimamiwa vizuri, watu wakapiga makofi tukatawanyika. Usiku ule ule tembo wakaingia kwangu, ekari tatu zote chini, jirani yangu naye hana hata suke la mtama la kuokota.

Sasa tembo mimi silalamikii, tumezaliwa tumewakuta. Ninachouliza ni hiki, hilo neno "vizuri" linatoka wapi? Wanahesabu doria, wanahesabu wanyama, wanaangalia maji, au wanaangalia sisi majirani tunalalaje? Na wenzetu wa baharini mnapimaje maana samaki huwezi kupanda ndege ukawahesabu. Mkutano mwingine unakuja na nataka nisimame niulize swali la maana, sio kelele.

#2 Sungura Mjanja
Pole sana mkuu, ekari tatu sio mchezo. Naweka mkeka hapa nawasubiri wajuzi.

#3 Kijana wa Mtumba
Mkuu kipimo kipo na kinatumika dunia nzima. Kuna dodoso linaitwa METT, lilitoka mwaka 2002, walilitengeneza Benki ya Dunia na shirika la uhifadhi WWF, lina maswali kama 30 hivi na kila swali lina alama 0 mpaka 3. Hifadhi inatambulika kisheria? Mipaka inajulikana? Kuna mpango wa usimamizi? Askari wanatosha, bajeti inatosha, vifaa vipo? Majirani wanashirikishwa? Unajumlisha unapata asilimia. Na nyuma yake kuna mfumo wa IUCN (umoja wa kimataifa wa uhifadhi) unaoanza na hali halisi ya eneo, halafu mipango, rasilimali, utendaji, kazi zilizofanyika, na mwisho kabisa matokeo. Kwa hiyo ofisa wako hakutoa hilo neno hewani, inawezekana alilitoa kwenye dodoso.

#4 Mwl Takwimu
@Kijana wa Mtumba umeeleza vizuri ila umeruka kitu kimoja, nani analijaza hilo dodoso? Mara nyingi ni mkuu wa hifadhi mwenyewe na watu wake. Ni kama nimpe mwanafunzi wangu mtihani, ajisahihishie, halafu nisome alama kwenye mahafali.

Halafu tazama maswali yenyewe, mengi yanauliza una nini (gari, mpango, vigingi, watumishi) na machache yanauliza kimebadilika nini porini. Hifadhi inaweza kupata alama nzuri tu za makaratasi huku mto unakauka.

Na hili sio la kwetu peke yetu. Dunia ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2020 asilimia 17 ya nchi kavu na asilimia 10 ya bahari iwe imehifadhiwa, kila nchi ikakimbilia kupaka ramani rangi ya kijani. Desemba 2022 wakakubaliana upya, asilimia 30 kufikia 2030, na kama lile lengo la kwanza wameandika kwamba maeneo hayo yasimamiwe kwa ufanisi. Tanzania karibu theluthi ya nchi kavu tayari iko chini ya hifadhi ya aina moja au nyingine, kwahiyo kwetu hoja ya ukubwa ilishakwisha. Imebaki hiyo ya ufanisi ambayo ndo swali la mleta uzi.

#5 Doria Mstaafu
Nimevaa gwanda miaka 19 kwenye mapori ya kanda hii ya kati, naomba niseme kidogo. Doria zinahesabiwa kwa sababu ndicho kitu unachoweza kuandika kwenye ripoti mwisho wa mwezi. Lakini niwaulize, mwezi huu nimekamata majangili 12, mwezi ujao nikakamata 2, mwezi gani nimefanya kazi vizuri? Labda majangili wamepungua. Labda gari halikuwa na mafuta tukashinda kituoni. Labda jangili kajua ratiba yetu. Namba ni ile ile 2. Kuna kituo nilikaa tulikuwa na Land Cruiser moja, ikiharibika eneo lote lile tunalinda kwa miguu, na kwa miguu unaweza kupita mita mia toka kambi ya jangili usiione.

Tatizo langu mimi ni pesa. Julai 2020 mapato ya hifadhi yalianza kukusanywa na TRA (mamlaka ya mapato) yakawa yanaingia Hazina halafu mnaomba kupitia bajeti. Kuna watu wanasema ni sawa maana ni mali ya umma, siwapingi, lakini pori halisubiri bajeti. Moto ukiwaka Septemba unazimwa Septemba.

#6 Mama Zabibu
Baba askari shikamoo. Naomba kuuliza kwa heshima, kama shida ni pesa mbona wakati pesa zilikuwa zinabaki huko huko hifadhini ndo tembo waliisha? Sensa ya 2009 walikuwa zaidi ya 109,000 nchi nzima, 2014 wakabaki 43,000 na ushee. Pori la Selous peke yake miaka ya 70 walikuwa laki na ushee, 2013 wakahesabu kama 13,000 tu, mpaka UNESCO mwaka 2014 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hizo pesa zilikuwa zinalinda nini?

#7 Doria Mstaafu
@Mama Zabibu marahaba mwanangu. Swali zito hilo na linaniuma kuliko unavyodhani, wengine tulizika wenzetu miaka ile. Bei ya meno ya tembo ilipanda huko Asia, mtandao wa ujangili ukaingia mpaka kwa watu wenye vyeo, askari mwenye bunduki ya zamani anapambana na mtu aliyelipwa mapema. Pesa peke yake haitoshi, hilo nakubali. Lakini bila pesa hata hiyo vita huendi.

#8 Mwl Takwimu
Niongezee hapo hapo kwenye tembo maana iko karibu yetu. Eneo la Ruaha na Rungwa, hapo ndani zimo na Kizigo na Muhesi za Manyoni, sensa ya 2013 ilitoa tembo 20,090, ya 2014 ikatoa 8,272, watu wakashtuka ikarudiwa 2015 ikatoa 15,836. Miaka mitatu namba tatu. Tembo 7,000 hawazaliwi mwaka mmoja. Inawezekana walihama na maji, inawezekana mizoga haikuonekana, inawezekana kuhesabu kwa ndege kuna kupungukiwa kwake. Sasa ukiwa meneja ukahukumiwa kwa namba ya 2014 unafukuzwa, kwa namba ya 2015 unapewa cheti. Ndio maana naogopa sana kipimo kimoja.

#9 Mzuka wa Kizota
Mwalimu kila uzi unakuja na takwimu, siku moja utahesabu nywele zetu. Endelea lakini, tunajifunza.

#10 Kondoa Irangi
Wakuu mnaongea tembo tu mnasahau kwamba mkoa wetu wa Dodoma ulifanya jaribio kubwa la hifadhi kabla ya hizo METT. HADO, ule mradi wa kuokoa ardhi. Ilianza 1979 wakatoa ng'ombe wote kwenye milima ya Irangi maana ardhi ilikuwa imekatika makorongo mpaka nyumba zinaning'inia. Babu yangu aliswaga ng'ombe wake mpaka Kiteto kwa ndugu. Mimi nimekua nikikuta milima ya kijani, miti, nyasi, wazee wananiambia hapa palikuwa pekundu kama tofali. Kwa hiyo usimamizi ukiwa na msimamo unafanya kazi.

#11 Mzee wa Mpwapwa
Kijana, HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ilianza 1973, Waswidi ndio waliokuwa wanatusaidia. 1979 ndio mwaka wa kuondoa mifugo, karibu mifugo 90,000 kutoka eneo la kilometa za mraba 1,256. Mvumi wakafuatia 1986. Mradi ukafungwa 1996.

Na umesema kweli miti ilirudi, nimeiona kwa macho. Lakini nikuulize ng'ombe wa babu yako walikula nyasi za nani huko Kiteto? Wale ng'ombe hawakuyeyuka. Mzigo ulitolewa Irangi ukatuliwa tambarare za wengine. Ukipima ndani ya mpaka, ushindi. Ukipima nje ya mpaka, sijui. Mimi nimelifikiria hili miaka mingi.

#12 Kondoa Irangi
@Mzee wa Mpwapwa asante kwa kunisahihisha mzee wangu, 1973 nimeichukua. Hilo la ng'ombe nitamuuliza baba.

#13 Nahodha wa Kilindoni
Mmeuliza baharini, nimesikia nimekuja. Mimi ni mtu wa Mafia ila mke wangu Mgogo wa Bahi ndo maana nimo humu na nyinyi watu wa vumbi.

Hifadhi ya bahari ya Mafia ndio ya kwanza kwa ukubwa huo, 1975, kilometa za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vya watu wanaishi humo humo. Sio kama kwenu mtu akikanyaga ni kosa. Imegawanywa kanda, kuna kanda huvui kabisa, kuna kanda unavua kwa masharti, kuna kanda ya matumizi ya kawaida kwa wakazi. Shida ya bahari ni kwamba mpaka hauonekani. Unaweka boya, wimbi linaondoka nalo. Na chombo kikiingia usiku kutoka nje, wewe una boti moja na mafuta ya kubahatisha, utamkimbiza mpaka wapi?

Kipimo chetu wavuvi ni rahisi, unatoka na ngalawa saa ngapi na unarudi saa ngapi na una nini. Zamani changu na tasi unapata karibu, sasa unakwenda mbali. Lakini kwenye papa potwe naipa hifadhi na wananchi heko, bado wanakuja kila msimu na wageni wanawafuata.

#14 Kijana wa Mtumba
@Nahodha wa Kilindoni mwaka uangalie tena. 1975 ni visiwa vya jirani na Dar, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, pamoja na Maziwe ya Pangani. Mafia ni 1995, baada ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994. Halafu ikaja Mnazi Bay na Ruvuma 2000, na Tanga ya samaki silikanti 2009.

#15 Nahodha wa Kilindoni
Sawa shemeji, 1995. Kumbe Mtumba nako mnaijua bahari.

#16 Mama Zabibu
Vipi kuhusu mabomu ya kuvulia samaki? Dada yangu kaolewa Tanga alikuwa ananiambia mlipuko unasikika mpaka jikoni.

#17 Nahodha wa Kilindoni
Mabomu ndo mfano mzuri wa swali la mleta uzi. Mwishoni mwa miaka ya 90 jeshi la wanamaji liliingia baharini mabomu yakapungua kabisa, watu wakaandika ripoti nzuri. Operesheni ikaisha, yakarudi. Yamekuja kupungua tena kuanzia 2016 hivi baada ya vyombo kushirikiana na kufuata mpaka wanaouza baruti, sio kumkimbiza mvuvi tu. Sasa hapo nani kasimamia vizuri? Wengine watasema dola. Wengine watasema BMU (vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi) na vijiji vilichoka vikaanza kutaja majina. Mimi naona mwamba uliolipuliwa unachukua miaka mingi kurudi, kwa hiyo ukipima mwaka ambao mabomu yamekoma utakuta bado samaki hakuna, utasema usimamizi mbovu, kumbe umeshaanza kufaa.

Na 1998 maji yalichemka, matumbawe yakageuka meupe pwani yote, ndani ya hifadhi na nje. Hakuna askari wa kukamata joto.

#18 Mwl Takwimu
Hiyo sentensi ya mwisho nitaiandika ubaoni kesho.

#19 Kipanga wa Ihumwa
Na maji je? Hifadhi ya Ruaha ndo kubwa kuliko zote nchini, ililindwa vizuri, lakini mto wenyewe Ruaha Mkuu tangu 1993 unakatika kiangazi, viboko wanabanana kwenye dimbwi kama daladala ya saa kumi na mbili. Walinzi wamekosa nini hapo? Maji yanaishia Usangu juu kabla hayajafika hifadhini. Na sisi wa Mtera ndo tunaona mwisho wake.

#20 Mzee wa Mpwapwa
Kubwa kuliko zote ilikuwa baada ya kuongezewa Usangu 2008, ikapita kilometa za mraba 20,000. Sasa ni Nyerere iliyomegwa Selous 2019, ina kama 30,900.

Usangu hapo ugomvi haujaisha. Mmoja anasema ni ng'ombe walioharibu kinamasi cha Ihefu, waliondolewa 2006 na 2007, mto bado ukakauka. Mwingine anasema ni mifereji ya mpunga haifungwi baada ya mavuno. Mwingine anasema mvua. Halafu mipaka yenyewe ikabadilishwa tena kwa tangazo la 2023. Benki ya Dunia nayo, hiyo hiyo iliyotengeneza dodoso la bwana mdogo wa Mtumba, ilikuwa na mradi wa REGROW wa dola milioni 150 kwa hifadhi za kusini ikiwemo Ruaha, malalamiko ya wananchi kuhusu kuondolewa yakafika kwao, wakasimamisha malipo Aprili 2024 na Novemba mradi ukafutwa.

#21 Bwana Nyuki wa Itigi
Naona wote mnatafuta msimamizi bora mnamtafuta serikalini. Nendeni Kiteto pale jirani yenu mkaone SULEDO, Sunya na Lengatei na Dongo, vijiji vilikataa msitu wao wa miombo uchukuliwe kuwa wa serikali wakaulinda wenyewe, 2002 wakapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kabla yao Duru-Haitemba kule Babati, 1994, msitu ulikuwa unaelekea kutangazwa hifadhi ya serikali, vijiji vikasema tuachieni, wakaweka sheria ndogo na walinzi wao, miti ikarudi. Wahadzabe wa Yaeda Chini wanalipwa fedha za kaboni, yaani malipo ya kutokata miti, kwa kulinda pori lao. Mimi mwenyewe mizinga yangu iko kichaka cha Itigi, kichaka hicho hakipatikani sehemu nyingi duniani, na nakuambia mtu mwenye mizinga 40 msituni hahitaji kuambiwa azime moto.

#22 Doria Mstaafu
@Bwana Nyuki wa Itigi nakuheshimu, lakini mwenyekiti wa kijiji akibadilika na akaja anayeuza mkaa? Nimeona misitu ya vijiji imeisha kwa mihuri miwili. Na jangili mwenye silaha ya kivita mgambo wa kijiji atamfanya nini?

#23 Bwana Nyuki wa Itigi
Ni kweli baba, hata mimi nimeona. Lakini mwenyekiti mbaya tunamtoa kwenye uchaguzi. Ofisa mbaya anahamishiwa kwa wengine.

#24 Sungura Mjanja
Hapo pamoto.

#25 Nahodha wa Kilindoni
Nakazia ya Bwana Nyuki. Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga wenyewe miamba ya pweza miezi mitatu, wakifungua pweza ni wakubwa na kina mama wanapata hela. Kisiwa cha Chumbe, jirani na Unguja, nacho ni hifadhi ya binafsi tangu 1994, walinzi wake wengi walikuwa wavuvi, watalii wanalipa, watoto wa shule wanapelekwa bure kuona matumbawe. Ila Chumbe ni kadogo. Sijui kama unaweza kuichukua ukaipeleka bahari yote.

#26 Mama Zabibu
Jamani tumemsahau mleta uzi na ekari zake tatu. @Alizeti ya Chemba umeandika kuomba kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama?

#27 Alizeti ya Chemba
Nipo dada nasoma kila neno, asanteni sana. Fomu nimejaza, afisa wa kijiji kaja kupima. Ila nimeambiwa shamba langu liko karibu mno na mpaka.

#28 Kijana wa Mtumba
Kanuni za 2011 ziliweka hivi, ndani ya mita 500 toka mpaka ulikuwa hupati kitu. Mita 500 mpaka kilometa moja ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari. Ilipanda kadiri unavyokwenda mbali mpaka 100,000 ukizidi kilometa 5, na mwisho ilikuwa ekari 5. Sababu yao ilikuwa kwamba aliyelima mlangoni kwa mnyama kajitakia.

#29 Kondoa Irangi
Na kama mpaka ndo ulimfuata yeye? Kwenye mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga vijiji vinasema vilikuwepo kabla. Sio bure 2019 Rais Magufuli alisimamisha kuondoa vijiji, mawaziri wanane wakazunguka, vijiji na mitaa 975 yenye migogoro, 920 ikaachwa ibaki. Hesabu hiyo inamaanisha ramani nyingi zilichorwa mezani. Anayekaa karibu zaidi ndo anaumia zaidi na ndo analipwa kidogo zaidi, halafu tunataka awe mlinzi wa kwanza.

#30 Doria Mstaafu
Hapa sina la kupinga. Askari anaonekana adui kwa sababu ya karatasi ambayo hakuiandika yeye. Lakini na nyie, kuna wanaolima kwenye ushoroba huku wanajua kabisa ni njia ya tembo tangu enzi za mababu. Nimewakuta, wananiambia "mzee msimu mmoja tu".

#31 Mwl Takwimu
Mkuu mleta uzi, ukisimama mkutanoni mimi ningeuliza haya tu. Mwaka jana mashamba mangapi yaliingiliwa na mwaka huu mangapi. Ukipiga simu tembo wakiingia, askari anafika baada ya saa ngapi. Mabwawa ya ndani ya pori yana maji mpaka mwezi gani. Hayo hayako kwenye taarifa ya doria na kijiji kinaweza kuyaandika chenyewe kwenye daftari.

#32 Mzee wa Mpwapwa
Mabwawa weka la kwanza. Maji yakikauka porini tembo anayafuata kwingine, alizeti anaikuta njiani.

#33 Kijana wa Mtumba
Mimi bado nasema dodoso lisitupwe, majirani wapewe nao walijaze halafu tulinganishe alama zao na za ofisi.

#34 Doria Mstaafu
Wajaze, ila na askari wa chini naye apewe yake bila bosi kusimama mgongoni.

#35 Alizeti ya Chemba
Hili la daftari naanza leo, binti yangu yuko kidato cha tatu ndo atakuwa mwandishi, tumeshaandika usiku wa juzi na usiku wa jana. Jana walikuja wanne wakapita pembeni ya maboga hawakugusa. @Bwana Nyuki wa Itigi nimesikia tembo anaogopa nyuki, ni kweli au ni hadithi?

#36 Bwana Nyuki wa Itigi
Ni kweli, kule jirani na Udzungwa kuna wakulima wametundika mizinga kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika nyuki wanatoka. Lakini mzinga mtupu haumtishi mtu, lazima nyuki waingie, na Chemba kiangazi maji ya nyuki utayapata wapi? Anza na pilipili, twanga, changanya na oili chafu, paka kwenye vitambaa funga kwenye kamba ya katani kuzunguka shamba. Mvua ikinyesha unapaka upya.

#37 Alizeti ya Chemba
Oili chafu nitaipata kwa mafundi wa bodaboda. Pilipili kichaa au hizi ndefu?

#38 Bwana Nyuki wa Itigi
Kichaa. Na usijishike macho.